Kitufe Kilichogoma Kurudi

Gereji ya Mgodini,
Geita,
Jumapili, 14 Novemba 1954.

Kwa kaka yangu mpenzi Mabula,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji Generosa pamoja na watoto, na Mayu, mama yetu, naye akiwa bado na nguvu zake za kugombeza kila mtu kabla jua halijachomoza. Mimi huku sijambo kwa mwili. Kile kifua kilichonisumbua wakati wa vumbi kimepoa tangu mvua za kwanza. Ng'ombe wanaendeleaje? Mmeshapanda pamba au mnangoja ardhi ilowe vizuri? Huku imenyesha mara tatu, na barabara ya Ushirombo imeshakuwa uji.

Kabla hujaendelea, nakuomba jambo moja. Najua barua ikifika nyumbani inasomwa mbele ya watu wote, Mayu amekaa kwenye kigoda chake, na majirani walioona bahasha wameshafika kujifanya wanaomba moto. Kwa hiyo nimetia karatasi mbili. Ile ndogo ndiyo ya kusoma kwa sauti; ina salamu, habari za mvua, na maneno ya kumchekesha Mayu. Hii kubwa ichukue uende nayo shambani, uisome peke yako. Kama umeshaanza kuisoma mbele yao, sema mwandiko wangu haueleweki, uikunje. Watakuamini, mwandiko wangu wanaujua.

Shemeji aliniandikia mwezi wa tisa kwa mkono wa katekista. Alinieleza kwamba chama cha wakulima wa pamba kimepata lori, na wazee wamekuja nyumbani mara mbili kukuomba uliendeshe, tena wakaahidi kwenda boma kukuombea leseni upya, maana pale kwetu hakuna mwingine aliyewahi kushika usukani. Ukawakatalia. Ukawaambia kwamba mguu wako uliua mtu na hauna haki ya kukanyaga chombo tena. Shemeji anasema hata baiskeli huipandi, unaisukuma tu kama punda mgonjwa. Tena anasema kila msimu wa kulima unatembea mpaka kule karibu na Ushirombo kumlimia Euphrasia, mjane wa marehemu Donatus, na unarudi umekonda. Nilisoma barua ile, nikaiweka chini ya godoro, nikajiambia nitaijibu Jumapili. Jumapili sita zimepita, kaka. Nimelala juu ya barua ya mkeo majuma sita.

Sikuijibu kwa sababu kuna jambo nililokuficha juu ya lile gari. Nimekuficha miaka mitatu. Leo nataka kulisema, na ukiona nazungushazungusha maneno nivumilie, maana ulimi wangu umezoea kulikwepa.

Nianze na ya juzi. Jumanne asubuhi, Theonest, dereva aliyepewa gari lako, aliliwasha uani kama kawaida. Akavuta kile kitufe cha mafuta kwenye dashibodi ili injini ipate joto, kisha akakisukuma kirudi. Kikagoma. Akakisukuma kwa kiganja, kikagoma. Injini ikapanda sauti mpaka mabati ya gereji yakaanza kutetemeka, na Theonest, mtu mzima mwenye wajukuu, akachanganyikiwa, akabaki anakipigapiga kile kitufe kwa ngumi. Bahati nzuri gari lilikuwa limesimama na limewekewa mawe. Mwishowe akakumbuka ufunguo, akazima. Uani kukawa kimya. Watu walikuwa wametoka kila upande, wa karakana ya mbao, wa stoo, hata wale wanaongoja zamu ya kushuka shimoni. Ndipo mzee mmoja wa stoo, aliyekuwepo tangu wakati wako, akasema bila kumwangalia mtu, "Hivi ndivyo Mabula alivyosema."

Watu wakaanza kutazamana, na baadhi wakanitazama mimi. Nilijifanya natafuta spana.

Hapa inafaa nikujulishe fundi mkuu wetu wa sasa, maana alikuja wewe ukiwa umeshaondoka. Anaitwa Marselino, Mhaya, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kazi alijifunza jeshini wakati wa vita, akafika nayo mpaka Burma. Kwanza tulimcheka, kwa sababu anazungumza na magari taratibu kama padri kwenye kitubio. Sasa hatumcheki tena. Yule mzee hashiki chombo mpaka amejua ugonjwa. Sisi wengine, unatujua, kitu kikikwama tunatafuta nyundo.

Alitukataza kukigusa. Akasema kitufe kilichokwama kinaweza kukwama mahali patatu: mkononi, njiani, au mwisho wa safari. Mkononi ni pale dashibodi, kitufe chenyewe na mhimili wake. Njiani ni ule waya unaopita ndani ya ala yake ya chuma mpaka upande wa injini. Mwisho wa safari ni kabureta, kule waya unakovuta mkono wa mafuta. Akafungua boneti, akalegeza skrubu, akaachanisha waya na kabureta. Akausogeza ule mkono wa kabureta kwa kidole kimoja, nao ukarudi wenyewe kwa springi yake, tak. Akasema huku kuzima. Akaenda kwenye dashibodi, akafungua nati, akautazama mhimili, akaupangusa, nao mzima. Basi ugonjwa uko njiani, akasema, na akaniita mimi nimsaidie, kwa kuwa mimi ndiye mkongwe wa gari lile.

Nilijua tangu pale atakuta nini.

Aliuvuta waya taratibu huku ameweka sikio kwenye ala. Ulipita vizuri, ukapita vizuri, kisha ukashika mwishoni kabisa, pale unapotoka kuelekea kabureta. Akautoa wote nje. Akachukua pamba kidogo ya kufutia mafuta, akaipitisha juu ya waya kutoka mwanzo hadi mwisho, na pamba ikanasa mahali pamoja, ikabaki inaning'inia. Uzi mmoja wa ule waya ulikuwa umekatika na kujikunja kama ndoano. Akaniambia nitazame. Nikatazama. Akatazama na mdomo wa ala, akaupeleka kwenye mwanga, akavua miwani akaifuta, akavaa tena. Mdomo ule ulikuwa umepanuliwa kwa kisu. Mikwaruzo yake ilikuwa ya zamani, imeshapata kutu. Kisha akaingiza sindano ndani ya ala, akachokoa, akatoa kitu kikavu cheusi, kidogo kama punje ya mtama, chenye nywele mbili tatu. Akakinusa. Akasema ni ngozi.

"Nani alishika waya huu kabla yangu?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida tu. Nikamwambia ni mimi, mwaka hamsini na moja, baada ya ile ajali. Sikusema zaidi. Naye hakuuliza zaidi mbele ya watu. Alifunga kile kipande kwenye karatasi ya sigara, akakitia mfukoni mwa shati, akatuambia tuagize waya mpya. Jioni, wenzangu walipokwenda kuoga, akaniita. Akaniambia kwamba Jumamosi anapeleka ripoti kwa Bwana Meneja kueleza kwa nini gari limegoma. Anajua cha kuandika juu ya uzi uliokatika. Cha kuandika juu ya ngozi hakijui, na asingependa kubuni. Akasema ana siku tatu, na akaenda zake.

Siku mbili nilimkwepa.

Sasa kaka nirudi kwenye ile siku yako. Najua huhitaji kukumbushwa, lakini niache niiandike kama ilivyokuwa, maana mimi nimeisimulia ikiwa imepinda kwa muda mrefu mno. Oktoba ya mwaka hamsini na moja mlitumwa Kahama, wewe na Donatus mpishi, kununua mchele wa wafanyakazi. Donatus alikwenda kwa sababu alikuwa hataki kuletewa mchele wa chenga. Kwenye uwanda, baada ya Ushirombo, ukavuta kitufe cha mafuta mpaka mwisho ili kishikilie mafuta, upumzishe mguu, kama anavyofanya dereva yeyote wa safari ndefu. Mlipofika kwenye mteremko wa kile kijito ukakuta ng'ombe wamejaa njiani, na wachungaji katikati yao. Ukakisukuma kitufe, hakikurudi. Gari likazidi kukimbia. Mikono yako yote miwili ilikuwa kwenye usukani ukiwakwepa wale watu, na uliwakwepa wote, hata ng'ombe mmoja hukumgusa. Gari likaacha njia, likaangukia ubavu kwenye korongo, upande wa Donatus.

Ulisema hivyo kwa polisi. Ulisema hivyo kwa Bwana Meneja. Hukubadilisha neno. Mwendesha mashtaka ndiye aliyeleta habari ya kwamba ulikanyaga mafuta ukidhani ni breki, kwa kuwa ulikuwa umesinzia. Gari lilivutwa mpaka gereji, na fundi mkuu wa wakati ule, ambaye alikuwa anasubiri meli ya kurudi kwao na hakutaka mambo mengi, akaniambia mimi nilikague. Nilikuwa peke yangu na gari saa nzima. Kisha nikaenda mbele ya hakimu, nikaapa kwa Biblia, nikasema nilikikuta kitufe kinatembea vizuri, kwenda na kurudi.

Hapo sikudanganya, sivyo? Siku niliyoapa kilikuwa kinatembea. Kwa maneno hayo nimejifariji miaka mitatu, na nayaandika hapa ili uone mtu anavyoweza kuwa mjinga akitaka.

Ulikuwa kizimbani umevaa lile koti la marehemu baba. Ulinitazama muda mrefu. Mimi nilitazama viatu vyangu. Hakimu akakuuliza kama una swali kwa shahidi. Nilikuwa nangoja unitukane, nilikuwa nataka unitukane. Ukasema, "Sina swali. Kama mdogo wangu amesema kinatembea, basi kinatembea. Utakuwa ni mguu wangu."

Kaka, nilisikia afueni. Hilo ndilo nisiloweza kujisamehe, zaidi hata ya kiapo. Nilisikia mabega yangu yakishuka, nikashusha pumzi. Wewe ulichukuliwa kwenda kutumikia miezi kumi na minne, na mimi siku ile nilikula vizuri.

Nadhani umeshaanza kuelewa. Nimalizie.

Unakumbuka Mayu alipokuletea kinga kutoka kwa mfumu, yule mganga wake, mwaka ule ulipoanza udereva, ukaitupa motoni mbele yake? Ulimwambia wewe umebatizwa na anayekulinda ni Mungu. Ulisema kweli, lakini ulisema kwa ukali, na mimi nilimwona Mayu akiitazama ile ngozi ikijikunja motoni. Nilipokuja likizo wakati wa mavuno, miezi michache kabla ya ajali, alinifuata zizini. Alikuwa ametengenezewa nyingine, kipande cha mti kilichoshonewa ngozi ya mbuzi, na ukanda mwembamba wa kufungia. Akaniambia kuna dereva wa Kahama amekufa, na kwamba kila akisikia gari barabarani anasimama mpaka lipite. Akasema wewe usijue kabisa. Mfumu alitoa sharti moja: ifungwe mahali ambapo mkono wa dereva hufika kila siku, lakini jicho lake halifiki.

Na mimi nilibatizwa siku moja na wewe. Ningeweza kumwambia hapana. Ningeweza kuipokea na kuitupa njiani, asingejua. Lakini alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na mimi, nikwambie ukweli, niliiamini. Si sana. Niliiamini kiasi cha kutotaka kuwa mtu aliyeitupa.

Mtu mwingine angeichomeka chini ya kiti, yakaisha. Mimi nilikuwa fundi bwana, najua gari. Nikafikiri kwa akili zangu nyingi: mkono wa kaka unavuta kitufe cha mafuta kila asubuhi, lakini ule waya jicho lake haliuoni. Nikafungua boneti, nikaifunga kwenye waya wenyewe, pale unapotoka uchi kwenye ala kabla ya kufika kabureta. Ukanda niliulowesha kwanza, ili ukikauka fundo likaze. Nikakijaribu kitufe, nikavuta kidogo, kikaenda na kurudi. Nikajisifu. Hata kuvuta mpaka mwisho sikuvuta.

Asubuhi zote zile, za safari fupi fupi, ulikuwa unavuta kidogo tu, kupasha injini joto, na fundo lilikuwa linabaki nje. Siku ile kwenye uwanda ulivuta mpaka mwisho. Waya ukarudi nyuma, ukalivuta fundo likaingia kwenye mdomo wa ala, likakaza humo. Hapo hata ungekuwa na nguvu za watu wanne lisingerudi.

Nililikuta nilipofungua boneti kwa ule ukaguzi. Lilikuwa limeingia lote, imebaki ncha tu ya ukanda imechungulia nje, na kile kipande cha mti kimepasuka. Nililiondoa kwa kisu. Nilifanya kwa pupa, ndiyo maana nilikata uzi wa waya na kuuharibu mdomo wa ala, na ndiyo maana juzi Theonest naye amekwama. Kinga yenyewe niliitupa chooni. Halafu nikavuta kitufe, nikasukuma, kikatembea vizuri, na nikaenda kumwambia fundi mkuu hivyo. Nilijiambia watakutoza faini tu. Nilijiambia nikisema, watanifunga mimi, na Mayu atabaki bila mtoto mwenye mshahara. Kisha wakakufunga wewe, na ikawa ngumu zaidi kusema kuliko jana yake, na kila siku ilikuwa ngumu kuliko jana yake. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka mitatu, tena kwa kupandishwa daraja mara moja.

Kuna la Mayu, ambalo huenda hulijui. Ulipotoka gerezani mzima, alikwenda kwa mfumu na mbuzi wa shukrani. Aliniambia mwenyewe, kwa siri, anacheka kwa furaha. Anaamini gari lilianguka na Donatus akafa, na wewe ukatoka na mchubuko wa kiwiko tu, kwa sababu ya ile ngozi. Akanishukuru na mimi, akaniita mwanangu mwenye moyo. Kwa muda mrefu nimejisemea kwamba ninanyamaza kwa ajili yake. Si kweli. Ningekuwa nanyamaza hata kama angekuwa amekufa. Kumwambia au kutomwambia nakuachia wewe. Mimi sina haki tena ya kuamua nani ajue nini katika nyumba ile.

Ijumaa mchana nilimfuata Marselino nikamweleza yote. Alikuwa anakula ndizi zake. Aliacha kula, akasikiliza mpaka mwisho, hakunifokea. Akaniuliza kama nitamwambia Bwana mwenyewe au aandike yeye. Nikasema nitakwenda mwenyewe. Jumamosi tukaenda wote. Bwana alitaka kujua kwa nini sikusema mahakamani, nikamwambia ni woga. Akauliza kama mtu yeyote mgodini alinituma kufunga kitu kwenye gari, nikasema hakuna. Akaandika, akanisomea, nikatia sahihi. Karatasi hiyo inakwenda boma kesho pamoja na kile kipande cha ngozi. Kazi nimesimamishwa tangu jana, na Jumatano natakiwa Mwanza mbele ya ofisa wa polisi. Marselino anasema kiapo cha uongo kina kifungo chake, na akasema pia kwamba nikaseme hukohuko kama nilivyosema kwake, bila kupunguza. Nitasema.

Bwana amesema hukumu yako itaangaliwa upya. Sijui itachukua muda gani. Sikuombi unisamehe kwa barua, maana kusamehe kwa barua ni rahisi na mimi sitaki chako cha rahisi tena. Wala usije Mwanza. Kaa ulime. Ila msimu huu usiende kumlimia Euphrasia. Shamba lile lilikuwa la kulimwa na mimi tangu mwanzo. Wasiponifunga nitakwenda kumweleza kwa mdomo wangu, na nitamlimia kama atanikubalia kuingia uani kwake. Wakinifunga, nitakwenda nikitoka.

Limebaki moja, kaka, na ndilo nililotakiwa kukuambia kabla ya mengine yote, kabla ya kitufe, kabla ya dawa. Siku ile ya ukaguzi nilifungua na magurudumu. Hakuna aliyenituma, nilitaka tu kujua. Breki zote nne zilikuwa zimeungua. Zimeungua mpaka chuma kimekutana na chuma, na harufu yake ilikuwa bado imo. Breki haziungui hivyo kwa mtu aliyesinzia, wala kwa mtu aliyekosea akakanyaga mafuta. Ulizikanyaga kutoka juu ya mteremko mpaka kwenye korongo, ukazikanyaga kwa nguvu zako zote, na hukuziachia hata gari lilipoanza kupinduka. Nilizifunga zile breki, nikafuta mikono, nikanyamaza. Nilijua siku ile, na nimejua kila siku tangu ile. Mguu wako haukumwua Donatus. Ulikuwa mahali pake, juu ya breki.

Wape wazee wa pamba jibu jingine, kama moyo wako utakubali.

Nisalimie shemeji Generosa, umwambie barua yake imejibiwa, ingawa kwa kuchelewa. Wasalimie watoto. Mayu msomee ile karatasi ndogo, na akiuliza kama nina afya mwambie ninayo. Wabeja kaka, asante kwa kunilea baba alipofariki. Nakutakia mvua njema.

Ni mimi niliyeapa uongo juu yako,

Stanslaus Luhende